Honi Mlangoni pa Mama Badiru

Busia, 10 Januari 1955

Mwanangu Badiru,

Nakusalimu salamu za mama. Fauziya dada yako anakusalimu, na mguu wangu uliokuwa unavimba umepungua. Basi sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Jana ulipita saa nne kasoro robo na honi zako tatu. Nilikuwa nageuza maandazi kwenye karai, nikayaacha yaungue nikatoka nje. Maandazi yanapikwa tena kesho. Zubaida wa duka la vitambaa alikuwa amekaa kizingitini kwake, nikamwambia, "Umesikia? Huyo amekunywa chai Tororo, na chai yenyewe bado iko moto tumboni." Akanijibu, "Mama Badiru, honi hiyo hata walioko Masafu wanaisikia, mimi nitakosaje?" Niliuona wivu machoni. Mwanawe anakata vitambaa siku nzima ameinamisha kichwa, wangu anakaa juu ya lori la simenti na watu wanampisha. Sisemi kwa kujisifu. Nasema lililopo.

Watoto wote wa barabara hii sasa wanaijua honi yako. Nimewafundisha mwenyewe. Nimewaambia, mkisikia honi tatu, mbio mpaka barabarani, mjomba Badiru anarusha peremende. Wa kwanza kufika siku zote ni Benedeta, binti wa jirani yangu Nasirumbi. Ana miaka sita, vijiguu vyembamba kama vya korongo, lakini anawaacha nyuma hata wakubwa. Jana aliokota peremende tatu, moja akaniletea mimi. Nilimwambia, "Wewe utaolewa na dereva." Akasema, "Sitaki, nitaendesha mwenyewe." Mama yake alicheka mpaka akaketi.

Barabara yenyewe imejaa siku hizi. Msimu wa pamba umefika, malori yanatoka Tororo, mengine yanatoka upande wa Kenya, mabasi, baiskeli za magunia, ng'ombe wa wachinjaji, wote njia moja. Ukitaka kuvuka kwenda bombani unasimama mpaka shingo inachoka na ndoo bado tupu. Lakini nikikuona wewe katikati ya vurugu ile, umeshika usukani kwa mkono mmoja, nasema moyoni, haya, Habibah, hukulala njaa bure.

Mama yako,
Habibah, mama wa dereva


Tororo, 16 Januari 1955

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Nimepata barua yako na nimefurahi kwamba mguu unapona.

Mama, nataka kusema jambo, na usinikasirikie. Watoto wanasogea mno. Juzi nilipofika mlangoni kwako mmoja aliteleza kwenye kokoto, nikakanyaga breki mpaka magunia yakaanguka nyuma. Lori lenye simenti halisimami pale unapotaka wewe, linasimama pale linapotaka lenyewe. Usiku ule sikula.

Tulipofundishwa udereva tuliambiwa kwamba honi ni ya kumwambia mtu aondoke njiani. Honi yetu sisi inawaambia watoto njooni. Nimelifikiria sana hilo. Nataka niache kupiga, niache na peremende. Nitapita polepole, na nikirudi bila mzigo nitasimama nishuke nikuamkie kama mtoto anavyomwamkia mama yake.

Tajiri wangu Bwana Muniru anakusalimu.

Mwanao,
Badiru


Busia, 20 Januari 1955

Badiru,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikaikunja nikaiweka chini ya godoro ili Fauziya asiione.

Baba yako alikufa una miaka minane. Nimekaanga maandazi kwenye barabara hii miaka kumi na miwili. Vumbi lote la malori ya watu wengine nimelila mimi. Wenye malori walikuwa wananipigia honi niondoe meza yangu, na niliiondoa. Sasa kuna lori moja likipiga honi mimi sikimbii, nasimama wima, nasema huyo ni wa tumbo langu. Na hicho kimoja unataka kukiondoa.

Ukipita kimya Zubaida atasema nini? Atasema, "Siku hizi Badiru anamwonea haya mama yake muuza maandazi." Nimjibuje?

Kuhusu watoto usinifundishe. Mimi niko hapo nje tangu alfajiri, karai langu na barabara hatua nne. Nitawashika mimi mwenyewe wasisogee. Wewe piga honi yako.

Mama yako,
Habibah


Tororo, 23 Januari 1955

Mama,

Nimesikia. Nitapiga. Lakini washike kweli.

Badiru


Busia, 4 Februari 1955

Mwanangu,

Kaa chini ndipo usome. Benedeta amekufa.

Ilikuwa jana Alhamisi, kabla ya saa sita. Alhamdulillahi si lori lako, namshukuru Mungu kwa hilo, na hapo hapo nasikia aibu kumshukuru. Ni lori la pamba, na dereva ni mtu wa Mukuju anayeitwa Otai. Halikumburuta. Lilimgusa mara moja tu kwa mbele, akaanguka pale karibu na kibanda cha baiskeli cha Mangeni, baba yake. Mangeni alikuwa ameshika tairi. Aliendelea kulishika tairi lile muda mrefu, watu wakamnyang'anya.

Amezikwa leo asubuhi. Padri alikuja. Mimi Mwislamu nilikwenda mpaka kaburini nikamshika Nasirumbi mkono, na hakuna aliyeniuliza kitu. Nalala kwake mpaka matanga yaishe. Nampikia uji, hanywi.

Sajini wa polisi alikuja kuuliza. Watu wote walikuwa wanasema kwa pamoja, hakuna aliyeeleweka, nikasimama mimi nikaeleza. Nilisema, "Lori lilikuja kwa kasi, na sikusikia honi yoyote." Sajini aliandika neno kwa neno. Akasema, "Mama, unaeleza vizuri kuliko hawa wanaume." Nikaweka dole gumba langu, kisha nikamwambia najua kuandika, nikaandika na jina.

Haitoshi kumfunga mtu mmoja. Nataka barabara hii itengenezwe. Nimeita wanawake, tunaandika barua kwa bwana mkubwa wa wilaya, tunataka malori yapite polepole hapa kwetu na bomba la maji lihamishiwe upande wa nyumba, watoto wasivuke. Wewe una maneno mazuri. Niandikie namna ya kuanza.

Usipite na honi wiki hii. Watu wana majonzi.

Mama yako,
Habibah


Tororo, 9 Februari 1955

Mama yangu,

Inna lillahi. Nimelia kama mtoto. Peremende ya mwisho niliyorusha pale, ni yeye aliyeidaka.

Namna ya kuanza barua yenu ni hii: Sisi wakazi wa barabara ya Busia, wafanyabiashara na wazazi, kwa heshima tunaomba. Kisha andikeni mnachotaka, kila kitu kwa sentensi yake, bila hasira.

Mama, Otai namjua. Tunakula naye chakula cha mchana kwa yule mama wa kunde karibu na stesheni. Si mlevi. Wako madereva hapa ninaowaogopa, lakini yeye si mmoja wao. Sasa yuko mahabusu, na jana waliniruhusu nimpelekee chakula. Nitakuandikia maneno yake kama alivyosema.

Alisema, "Badiru, nilipiga honi tangu kwenye ghala la pamba. Nikapiga tena, nikapiga tena. Mtoto alikuwa kando, mbali na njia. Aliposikia honi badala ya kurudi nyuma alinikimbilia mimi. Alikuwa anacheka, mikono ameinua juu. Nilikata usukani, nikakanyaga breki, lakini nina marobota ya pamba nyuma. Kwa nini alinikimbilia? Niambie wewe unayetoka kule."

Niliangalia sahani.

Ile ilikuwa mara yake ya kwanza kupita Busia, mama. Yeye hajui kwa nini. Mimi najua.

Askari wanasema hakupiga honi, na kwa sababu hiyo ni uzembe mtupu, atafungwa miaka. Wanasema yuko mama mmoja aliyekuwa pale pale, mtu anayeheshimika, ambaye hakusikia kitu.

Nakuuliza peke yangu, na barua hii ichome. Uliisikia au hukuisikia?

Mwanao,
Badiru


Busia, 14 Februari 1955

Badiru mwanangu,

Barua yetu imekwenda. Ina alama za vidole sitini na moja. Wahabi mume wa Zubaida alikataa mwanzoni, akasema mambo ya serikali hayataki wanawake, nikamwuliza, "Wewe duka lako wananunua wanaume?" Akaweka kidole. Bwana mdogo wa wilaya alikuja Jumamosi na gari lake, akapima barabara kwa kamba, akauliza nani ameandika. Wote walininyooshea kidole mimi. Alisema ni barua safi. Nilimwambia mwanangu ni dereva, yeye ndiye aliyenifundisha kuanza.

Nasirumbi sasa anakula kidogo. Ananiambia, "Mama Badiru, bila wewe ningekuwa nimejitupa mtoni." Mimi hapo nainama napuliza moto.

Kuhusu swali lako, siku ile kulikuwa na kelele nyingi. Kulikuwa na mbuzi, kulikuwa na basi. Mtu hawezi kukumbuka kila sauti. Na hata kama mtu alisikia, akisema, watamwuliza tena, "Sasa mtoto alikimbilia nini?" Atajibu nini? Atasema kulikuwa na dereva mwingine mwenye mazoea yake? Wataita jina la dereva huyo. Watamnyang'anya leseni. Wewe umekaa miaka mingapi unaosha malori ya watu ukiitafuta leseni ile?

Huyo Otai ana watu wake, watamsaidia. Wewe nyamaza. Usimpelekee tena chakula, watu wataanza kuuliza.

Mama yako anayekupenda,
Habibah


Mukuju, 22 Februari 1955

Kwa Mama Badiru, Busia,

Dada yangu, hunijui. Jina langu ni Acen, mama yake Otai. Mimi sijui kusoma, anayeandika ni katekista wetu Ojulong, na anaandika ninavyosema.

Kwanza nampa pole mama wa mtoto. Nilitaka kuja matangani, wakaniambia nitapigwa mawe. Nilikaa nyumbani kwangu nikalia kivyangu. Ukiweza mfikishie pole hiyo. Ukiona haifai, ikae kwako.

Kesi itasikilizwa tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, Tororo. Wameniambia kwamba ushahidi mkubwa ni wako. Sikuandikii nikuombe useme uongo. Kama hukusikia honi, basi hukusikia, na mimi nitajua kwamba mwanangu amenidanganya, nitabeba hilo. Lakini tangu mdogo Otai akifanya kosa anakuja mwenyewe kunionyesha fimbo ilipo. Safari hii anasema alipiga honi. Anasema hivyo hivyo kila siku, kwa maneno yale yale, na hakuna anayemsadiki ila mimi na kijana mmoja dereva anayemletea chakula.

Alipopata lori, mimi pia nilitembea nikijisifu. Nilikwenda mpaka Kirewa kwa dada zangu kwa miguu, niwaambie tu. Nadhani wewe unajua ninachosema.

Nauliza tu, mama kwa mama. Ulisikia nini?

Mimi Acen


Tororo, 1 Machi 1955

Mama,

Mama Otai ameniambia kwamba amekuandikia, na kijana aliyemtaja ni mimi. Sikuacha kupeleka chakula, nisamehe.

Leo nimekwenda kwa karani wa korti nikamwambia nataka kusema katika kesi. Nimemweleza habari ya honi zangu tatu, na peremende, na watoto. Ameandika. Kisha nimekwenda kwa Bwana Muniru nikamweleza pia, asije akasikia kwa watu. Akasema, "Badiru, huenda nikakushusha kwenye lori." Nikasema ni haki yako, tajiri.

Kwa hiyo mama, usiogope tena kwa ajili ya leseni yangu. Hilo nimekwisha lifanya mwenyewe, hukunifanyia wewe.

Lakini karani ameniambia ukweli. Mimi siku ile nilikuwa njia ya Mbale. Naweza kusema watoto wa Busia wamezoeshwa kukimbilia honi. Siwezi kusema kwamba Otai aliipiga. Hilo la pili ndilo litakalomfungua au kumfunga, na mwenye kulisema ni mtu mmoja tu.

Sikulazimishi. Nakujua. Nakupenda.

Mwanao,
Badiru


Busia, 12 Machi 1955

Mwanangu,

Wiki hii yote kalamu ilikuwa inakataa. Leo nimemwambia Nasirumbi kwanza, ndipo nakuandikia wewe.

Nilimkuta uani anapepeta wimbi. Nikasema, "Mama Benedeta, nina neno." Akasema, "Kaa." Sikukaa. Nilisema yote nimesimama. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyewafundisha watoto kukimbilia honi. Nilimwambia mwanangu alitaka kuacha nikamkatalia, nikaahidi kuwashika, na siku ile nilikuwa na mikono yote miwili kwenye unga.

Halafu nikamwambia lile ambalo hata wewe hulijui. Nilisikia honi. Zilikuwa tatu, kutoka ghalani. Nilidhani ni wewe umepita siku isiyo yako. Nikanyanyuka na furaha yangu, nikaita kwa sauti, "Watoto, huyo Badiru." Benedeta alikuwa amekaa karibu na meza yangu, anasuka mkeka wa mchezo. Aliondoka kwa neno langu. Nilipoinua macho nikaona lori si la simenti, lina marobota, na kelele yangu ya pili haikumfikia.

Nasirumbi akauliza, "Ulijua tangu siku ile?"

Nikasema, "Nilijua."

"Na ukalala kwangu matanga yote."

"Nililala."

"Ukanishika mkono kaburini."

"Nilikushika."

Akapepeta tena, makapi yakaniangukia miguuni. Niliwaza atanitukana, na nilitaka anitukane. Akaniuliza basi la Tororo la Jumatatu linaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili. Akasema, "Nenda kwako sasa, Habibah." Tangu tujuane, miaka tisa, hajawahi kuniita kwa jina.

Jumatatu nitakuwa kortini. Usikae karibu nami. Nikikuona uso wako nitataka kukuficha tena.

Mama yako


Mukuju, 17 Machi 1955

Kwa Mama Badiru,

Dada yangu, anaandika tena katekista Ojulong.

Otai alirudi nyumbani Jumatatu ile ile. Najua wewe uliondoka kabla ya hakimu kumaliza, hukusikia mwisho wake, ndiyo maana nakuandikia. Hakimu alisema honi ilipigwa, na mtoto aliitwa barabarani na mazoea ambayo dereva mgeni hakuyajua. Alisema pia maneno makali juu yako kwa uongo wa kwanza, lakini hakukufunga, kwa sababu umerudi kwa miguu yako mwenyewe. Mwanao amepewa onyo. Leseni yake haikuchukuliwa.

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Hakimu alipokuuliza kwa nini ulidanganya, ulisema, "Niliogopa mwanangu atachukuliwa na mimi nitachukiwa. Sasa yote mawili yawe."

Mama wa mtoto alikuwa mbele yangu, amejifunika kanga kichwani. Ulipotoka nje alisimama akakutazama mpaka mlango ukafungwa. Mimi nilimwendea nikapiga magoti, nikampa pole yangu ile niliyokutuma. Aliniinua.

Otai hajashika usukani tena. Analima muhogo. Usiku anaamka anakaa nje. Hatuwezi kumuuliza.

Sijui nikushukuru namna gani kwa jambo ambalo wewe mwenyewe ulilifunga kisha ukalifungua. Lakini umelifungua. Mungu akuone.

Acen


Busia, 24 Aprili 1955

Mwanangu Badiru,

Nasikia kwa watu kwamba Bwana Muniru amekuweka ghalani unapanga magunia mpaka mwezi wa sita. Fauziya aliniambia kwa kunong'ona kama habari ya msiba. Nimemwambia aseme kwa sauti. Zubaida alipouliza, nikamjibu mwenyewe, "Badiru anapakia simenti, na anapakia vizuri." Akasema, "Mama Badiru, mimi sikuuliza kwa ubaya." Namsadiki.

Nikwambie ya barabara. Ile barua ya vidole sitini na moja haikupotea. Hakimu naye aliwaandikia wakubwa. Mwezi huu walikuja watu wa barabara na toroli na chokaa. Wamesimamisha nguzo pande zote mbili, tangu ghala la pamba mpaka kibanda cha Mangeni, na wamezipaka nyeupe. Wameweka kibao kwa Kiswahili na Kiingereza: malori yapite polepole, na honi isipigwe kwa salamu. Hilo la salamu ni mimi niliyelitaka. Bwana mdogo aliniuliza, "Mama, una hakika? Mahali pengine watu wanataka honi zaidi." Nikamwambia andika. Bomba bado halijahamishwa, wanasema mabomba yanatoka mbali. Mimi huwaandikia kila Jumatatu, na karani wao sasa anaujua mwandiko wangu.

Kwa kuwa bomba liko ng'ambo na shule iko ng'ambo, wanawake tumegawana siku. Kila siku wawili wanasimama kwenye nguzo asubuhi na mchana, watoto wanangoja nyuma yao, malori yakiisha ndipo wanavuka kwa mikono. Tumeanza kuwafundisha upya. Ni kazi ngumu. Unawaambia wakisikia honi warudi nyuma, na miguu yao inataka kwenda mbele. Juma la kwanza niliwashika watatu kwa ukosi wa shati. Ukiona nguzo zetu zilivyonyooka, hata Tororo hamna hizo, na usinibishie.

Nasirumbi naye alichukua siku, Jumatano, na Zubaida. Mimi nilipewa Jumanne. Hakuna aliyepanga kwa kusema, wote walijua tusiwekwe pamoja. Toka Machi hajavuka kizingiti changu. Tukikutana bombani anajaza ndoo yake anaondoka, wala hageuzi uso kwa chuki. Anapita tu. Sikumfuata. Kila Ijumaa namwekea maandazi mlangoni kwenye sahani, na kila Jumamosi naikuta sahani pale pale, maandazi yameliwa na kuku. Naendelea. Labda ni ujinga, lakini sina namna nyingine ninayoijua.

Sasa sikiliza ya Jumanne iliyopita.

Nilikuwa kwenye nguzo na Mama Odwori. Ilikuwa mapema, kuna ukungu, na malori mawili ya pamba ya mwisho yalikuwa yanakuja na taa. Watoto kama kumi na wawili walikuwa nyuma yangu. Nikamwona Nasirumbi anakuja amemshika mkono Taaka, yule binti yake mdogo aliyebaki, ana miaka minne. Haijawahi kutokea amwache avuke na mtu. Siku zote humvusha mwenyewe, au anambeba mgongoni ingawa amekuwa mzito.

Alisimama karibu yangu, karibu kabisa, bega kwa bega, kama tulivyokuwa tunakaa zamani tukichambua mchele. Malori yakapita, vumbi likatufunika wote wawili. Mimi nilikuwa natazama mbele, sikuthubutu kugeuka. Nikasikia anamwambia mtoto kwa Kisamia, "Simama hapo."

Halafu akaushika mkono wangu, akaufungua vidole, akaweka ndani yake mkono wa Taaka. Akafunga vidole vyangu juu yake. Akabonyeza mara moja, kwa nguvu, mpaka nikaumia.

Akasema, "Polepole, Habibah."

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikatazama kulia tena. Nikavuka na mtoto wake. Nilipofika ng'ambo niligeuka, na yeye alikuwa bado amesimama kwenye nguzo, anatutazama.

Mama yako,
Habibah